Somo: Jinsi ya kumcheza mtumishi wa komedia ya Kiitalia, yaani commedia dell'arte, maigizo ya zamani ya kuchekesha yenye barakoa (Arlecchino na wenzake)

Wakuu, nimechoka kujibu swali hili inboksi mmoja mmoja. Naliweka hapa, akiuliza mwingine mleteni huku.

1. Chagua mtumishi. Brighella ni mjanja, fundi wa kupanga hila. Arlecchino ni mwepesi wa mwili, mzito wa kuelewa. Wote kwao ni Bergamo. Pulcinella ni wa Napoli, ana mambo yake.

2. Mavazi: Brighella meupe yenye mistari ya kijani, Arlecchino viraka vya rangi na fimbo kiunoni.

3. Njaa. Hawa wawili wa Bergamo ni watu wa milimani walioshuka Venezia kutafuta vibarua. Usipoicheza njaa, umecheza viraka tu.

4. Barakoa. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Inafunika nusu ya juu ya uso, na matundu ya macho ni madogo, kwa hiyo ukiuangalia, tuseme, mkate kwa kuzungusha mboni, aliyekaa nyuma haoni kitu. Geuza kichwa kizima mpaka pua iuelekee mkate. Tulia. Ilete pua kwa watazamaji, waone wazo linavyoingia, kisha rudi kwenye mkate. ONYO: usiiguse barakoa kwa mkono ukiwa jukwaani, maana kidole kikishaigusa, watu wanaona kifaa, mtu ametoweka. Na usiwape kisogo.

5. Lazzi, yaani vituko vifupi vilivyokwisha kufanyiwa mazoezi. Anza na kile cha nzi: Arlecchino mwenye njaa anamvizia, anamkamata, anamnyofoa mabawa, anamla. Polepole.

MASWALI

– Mkuu, Arlecchino si ndiye yule mzee tajiri mwenye ndevu?
Huyo ni Pantalone, bwana. Somo ni la watumishi.

– Naomba skripti nzima PDF.
Haipo. Waigizaji wa zamani walitundika muhtasari wa matukio nyuma ya jukwaa, maneno wakajitungia papo hapo. Ukitaka yaliyoandikwa, tafuta tamthilia ya Goldoni, mwandishi wa Venezia, ya miaka ya 1740 kuhusu mtumishi wa mabwana wawili.

– Samahani kaka, kwa sisi wadada kuna nafasi?
Ipo, tena nzuri sana dada. Colombina, mtumishi wa kike, kwa kawaida havai barakoa, kwa hiyo macho ni yako yote, na mara nyingi ndiye mwenye akili kuliko wote jukwaani. Wanawake waliigiza kwenye vikundi vya Italia tangu karne ya 16, wakati Uingereza nafasi zao zilichezwa na wavulana.

– Barakoa ya ngozi ni ghali. Karatasi inafaa?
Kwa mazoezi inafaa kabisa. Ya ngozi hulowekwa na kugongwa juu ya umbo la mbao. Ufundi huo ulifufuliwa na Amleto Sartori wa Padova baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Hata Marcello Moretti, mwigizaji aliyemcheza Arlecchino huko Milano mwaka 1947, alianza kwa kujichora barakoa usoni kabla ya kuikubali ya ngozi. Ya karatasi ibandike kitambaa kwa ndani, upande wa paji la uso, jasho lisiilainishe katikati ya onyesho.