Leseni ya PA (msaidizi wa daktari) Texas: njia nzima, kuanzia chuo hadi barua ya malalamiko

Swali ninaloulizwa zaidi na matabibu wenzetu waliohamia Houston, Dallas na Fort Worth ni hili: "Nimekuwa klinikal ofisa Kenya kwa miaka mingi, je, bodi ya Texas itachukua muda gani kunibadilishia leseni iwe ya PA?" Wa Tanzania huuliza vivyo hivyo, ila wao husema afisa tabibu. Jibu ni kwamba bodi haibadilishi. Hakuna dirisha unapopeleka leseni ya Nairobi au Dodoma ukapewa ya Texas, na yeyote anayekuomba pesa akidai analijua dirisha hilo, mkimbie. Njia ipo, na wapo Waafrika Mashariki wengi walioipita. Mimi ni PA, yaani msaidizi wa daktari, kwenye kliniki ya familia hapa Texas, na nitaieleza njia hiyo kama ilivyo.

Kwanza tenganisha mambo matatu ambayo watu huyachanganya kila siku. Cheti ni cha taifa: unakipata kwa kufaulu mtihani. Leseni ni ya jimbo: unapewa na bodi. Ruhusa ya kutibu na kuandika dawa kwa mgonjwa huyu, kwenye kliniki hii, inatoka kwa daktari anayekusimamia, na ile ya kuandika dawa lazima iwe kwa maandishi. Unapoanza kazi, kimoja kikikosekana, viwili vilivyobaki havikuruhusu kumgusa mgonjwa.

Hatua ya 1: Ijue bodi unayoshughulika nayo

Jina lake rasmi ni Texas Physician Assistant Board, na iko chini ya Texas Medical Board, ile bodi kubwa ya madaktari. Ina wajumbe 13 wanaoteuliwa na gavana na kuridhiwa na seneti ya jimbo: saba ni PA wanaofanya kazi, watatu ni madaktari wanaosimamia PA, na watatu ni raia wa kawaida wasio na leseni yoyote kati ya hizo mbili. Sheria yake ni sura ya 204 ya sheria za taaluma za Texas. Sura ya 157 ndiyo inayoeleza daktari anavyoweza kukabidhi mamlaka yake kwa mwingine. Zisome mwenyewe, ni sheria zinazosomeka, na mambo mengi utakayoambiwa na wenzako kazini yana jibu humo.

Wale raia watatu wako pale kwa sababu bodi ipo kumlinda mgonjwa. Ada unayolipa hainunui utetezi. Kutetea masilahi yetu ni kazi ya chama cha wanataaluma, na ni chombo kingine kabisa. Ukilielewa hili mapema, maswali yote ya bodi utayaona kwa jicho tofauti: haiulizi kama unastahili ajira, inauliza kama mgonjwa yuko salama mikononi mwako.

Hatua ya 2: Chuo chenye ithibati

Sheria inataka uwe umehitimu programu ya PA yenye ithibati, na kwa sasa chombo kinachotoa ithibati hiyo ni ARC-PA. ARC-PA inazipa ithibati programu zilizo Marekani tu. Ndiyo maana diploma ya KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba cha Kenya, hata iwe na alama za juu namna gani, haikufikishi kwenye mtihani. Hili linauma, kwa sababu kazi zenyewe zinafanana sana. Programu ya kwanza ya PA ilianzishwa na Dakta Eugene Stead pale Duke University mwaka 1965, ikachukua wahudumu wa tiba waliotoka jeshi la wanamaji, watu waliokuwa tayari wanajua kushona kidonda na kumtuliza mgonjwa. Klinikal ofisa wa wilayani angekaa kwenye darasa lile bila kujiona mgeni. Lakini bodi inapima karatasi za chuo, na uzoefu wako haubadili hilo.

Uzoefu huo unakusaidia mahali pengine: kwenye kuomba nafasi chuoni. Programu nyingi hutaka saa za kuhudumia wagonjwa, na wewe unazo tele. Omba barua kutoka hospitali ulizofanyia kazi kabla wakubwa wako wa zamani hawajastaafu au kuhamishwa, barua inayotaja cheo, tarehe na majukumu. Vyeti vyako vya nyumbani vitathminiwe na kampuni inayotambuliwa na chuo unachokilenga. Uliza pia, kwa barua pepe ili jibu libaki kwenye maandishi, kama wanakubali masomo ya sayansi yaliyosomwa nje ya Marekani. Programu nyingi hazikubali, kwa hiyo watu wengi hurudia anatomia, fiziolojia, maikrobaiolojia na kemia kwenye chuo cha jamii. Ni gharama, lakini chuo cha jamii ni nafuu kuliko chuo kikuu, na madarasa ya jioni yapo.

Programu ni ya shahada ya uzamili na kwa kawaida huchukua kama miezi 27: darasani kwanza, halafu mizunguko ya hospitali inayofikia takriban saa 2,000. Nchi nzima zipo zaidi ya 300, na hapa Texas zipo Galveston, Houston, Dallas, San Antonio, Fort Worth na kwingineko. Kabla ya kulipa hata dola moja, angalia hadhi ya programu kwenye tovuti ya ARC-PA. Ithibati ya muda, inayopewa programu mpya, isikutishe: mhitimu wake anaruhusiwa kufanya mtihani. Programu isiyo kwenye orodha kabisa ndiyo ya kuiogopa.

Hatua ya 3: Mtihani wa taifa

Unaitwa PANCE na unasimamiwa na NCCPA, tume ya taifa inayotoa vyeti vya PA. Una maswali 300 ya kuchagua jibu, yamegawanywa mafungu matano ya maswali 60, kila fungu dakika 60. Alama ni kati ya 200 na 800, na kufaulu ni 350. Unaruhusiwa kujaribu hadi mara sita ndani ya miaka sita tangu kuhitimu. Ukizimaliza, itabidi urudi chuoni upya. Ukifaulu unaongeza herufi C mwishoni mwa PA, kuonyesha kwamba una cheti.

Nina ushauri mmoja kwa waliosoma nyumbani. Tulizoea mitihani ya kueleza. Huu unakupa mgonjwa kwa mistari minne na kukuuliza hatua inayofuata, nawe una dakika moja. Fanya mazoezi ya maswali kwa saa, na usiishie kusoma vitabu.

Hatua ya 4: Ombi la leseni

Linajazwa mtandaoni kwenye mfumo wa Texas Medical Board. Chuo kinathibitisha kwamba umehitimu, NCCPA inathibitisha cheti, unachukuliwa alama za vidole ili polisi wa jimbo na FBI wakague rekodi yako, na unafanya mtihani mfupi wa sheria za Texas ambao alama ya kufaulu ni 75. Watu huudharau mtihani huu wa sheria. Usiudharau, maswali yake ni yaleyale utakayokutana nayo ukiwa na mgonjwa mbele yako.

Kinachokwamisha maombi ya watu wetu mara nyingi ni majina. Pasipoti ina majina matatu, cheti cha chuo kina mawili, kadi ya hifadhi ya jamii imegeuza la baba kuwa la katikati, na aliyeolewa ana la nne. Wengine, hasa ndugu zetu wa Kongo walioingia kama wakimbizi, wana karatasi zilizoandikwa jina moja tu. Bodi haiwezi kukisia kwamba wote hao ni mtu mmoja. Chagua jina moja la kisheria kabla hujaanza chuo, lilinganishe kwenye kila karatasi, na kwa zile zisizobadilika weka kiapo cha kisheria na cheti cha ndoa tayari.

La pili ni maswali ya tabia na afya. Sheria inadai uwe na tabia njema na uwezo wa kiakili na kimwili wa kufanya kazi kwa usalama. Utaulizwa kuhusu kukamatwa, kushtakiwa, kuadhibiwa chuoni, na leseni ulizowahi kuwa nazo. Soma kila neno. Swali likisema leseni yoyote ya afya, basi ya Kenya na ya Tanzania zimo. Likiuliza kuhusu kukamatwa, kesi iliyofutwa nayo imo. Nimewaona watu wakihangaika kwa sababu ya kosa dogo la barabarani walilolificha, ilhali kama wangelitaja lenyewe lingepita. Kuficha huwa tatizo jipya, kubwa kuliko la kwanza, kwa kuwa linagusa uaminifu. Eleza kilichotokea kwa sentensi fupi, ambatisha karatasi za mahakama, na usiwalaumu wengine.

Usianze kazi, hata ya "kujifunza tu," kabla jina lako halijaonekana kwenye tovuti ya bodi kuwa lina leseni hai. Kufanya kazi ya PA bila leseni Texas ni kosa la jinai, na mwajiri anayekuharakisha hatakuwepo kizimbani kwa niaba yako.

Hatua ya 5: Daktari msimamizi na makubaliano

Hapa ndipo Texas inapotofautiana na majimbo yaliyolegeza masharti, na ndipo PA wapya wanapojikwaa zaidi.

Lazima uwe na daktari msimamizi mwenye leseni ya Texas, na uhusiano huo uandikishwe kwa bodi. Akibadilika, arifu ndani ya siku 30. Sheria inasema usimamizi ni wa kudumu, ila daktari si lazima awe jengoni. Kinachotakiwa ni kwamba muweze kuwasiliana kwa urahisi kwa redio, simu au chombo kingine. Kwa hiyo uliza kabla ya kusaini ajira: daktari huyu anapokea simu? Akisafiri, nani anashika nafasi yake? Namba ya mtu huyo iko ukutani?

Kuandika dawa kunahitaji makubaliano maalumu yaliyosainiwa na ninyi wawili. Yanataja mahali pa kazi, aina za dawa, namna ya kushauriana na kupeana rufaa, na jinsi ubora utakavyokaguliwa, ikiwa ni pamoja na kupitia mafaili na kukutana angalau kila mwezi. Sheria ya mwaka 2013 iliweka kwamba daktari mmoja anaweza kuwakabidhi mamlaka haya PA na wauguzi wa ngazi ya juu wasiozidi saba wa muda wote, isipokuwa kwenye hospitali na maeneo yenye uhaba wa huduma. Mikutano ile ya kila mwezi iandikwe tarehe na iwekwe saini. Mkaguzi akija anataka karatasi, na karatasi iliyojazwa jana kwa miezi sita iliyopita inajulikana.

Dawa zinazodhibitiwa zina mipaka yake, na zimepangwa kwa madaraja: namba ikiwa ndogo, udhibiti ni mkali zaidi. Kwa mgonjwa wa kliniki ya kawaida, PA wa Texas anaweza kukabidhiwa daraja la III hadi la V, kwa kiasi kisichozidi siku 90, na mtoto wa chini ya miaka miwili ni lazima daktari ashauriwe kwanza. Daraja la II ni kwa hospitali, chini ya masharti, na kwa wagonjwa wa huduma za mwisho wa maisha. Kumbuka kwamba hydrocodone, dawa kali ya maumivu, ilipandishwa daraja la II mwaka 2014. Mgonjwa wa kliniki akikuambia daktari wa zamani alikuwa akimwandikia, wewe bado huwezi. Kabla ya kuandika opioidi (dawa kali za maumivu), benzodiazepini au babitureti (dawa za kutuliza), au carisoprodol (dawa ya kulegeza misuli), unaangalia kumbukumbu za dawa za mgonjwa kwenye mfumo wa jimbo. Na namba ya DEA, wakala wa kudhibiti dawa hizo, unaiomba serikali kuu, mbali na leseni.

Kitu kidogo, lakini ni sheria: vaa beji inayosema wewe ni PA. Wazee wetu watakuita daktari hata ukikataa. Wasahihishe kwa upole kila mara. "Mama, mimi ni msaidizi wa daktari, daktari wangu ni fulani." Mgonjwa ana haki ya kujua nani anamtibu.

Hatua ya 6: Kuhuisha

Cheti cha taifa kinadai saa 100 za mafunzo kila miaka miwili, angalau 50 zikiwa za kundi la kwanza, yaani mafunzo yaliyoidhinishwa rasmi, na mzunguko wa mtihani wa kukihuisha ni miaka kumi. Jimbo lina masharti yake ya mafunzo, likiwemo somo la kutambua wahanga wa biashara haramu ya binadamu. Weka vyeti vyote kwenye folda moja. Leseni ikikaa imekwisha muda kwa mwaka mzima haihuishwi tena, unaomba upya.

Hatua ya 7: Barua ya malalamiko ikija

Mtu yeyote anaweza kulalamika, lakini Texas haipokei malalamiko yasiyo na jina. Jina la mlalamikaji bodi inalijua, ingawa kwa kawaida wewe hutaambiwa. Bodi inafanya uchunguzi wa awali, na malalamiko mengi huishia hapo. Yakiendelea, wataalamu hupitia faili la mgonjwa, halafu unaweza kuitwa kwenye kikao cha maelewano mbele ya wajumbe. Msipokubaliana, shauri huenda mbele ya jaji wa ofisi ya jimbo ya mashauri ya kiutawala. Hatari ikiwa kubwa, leseni inaweza kusimamishwa papo hapo, kabla ya hayo yote.

Ukiipata barua hiyo, usiguse faili la mgonjwa hata kwa nukta. Usimpigie mgonjwa simu. Iarifu bima yako ya kitaaluma siku hiyohiyo, kwa sababu nyingi hulipia wakili wa mashauri ya bodi, na jibu ndani ya muda uliotajwa. Kunyamaza nako ni kosa.

Ukipewa mpango wa marekebisho, huo hauhesabiwi kuwa adhabu, ila umma unaweza kuuona. Amri ya nidhamu ni nzito zaidi: inawekwa kwenye ukurasa wako wa tovuti ya bodi, inaripotiwa kwenye hifadhi ya taifa ya taarifa za wahudumu wa afya, na utaulizwa habari zake kila utakapoomba leseni, iwe Minnesota, Ohio au jimbo lolote jingine. Kabla ya kuisaini, mwombe wakili akusomee kila kifungu na akueleze kila kimoja kitaonekanaje mbele ya bodi nyingine.