Somo: Jiandae kabla simu haijakwapuliwa

Ndugu zangu, mimi ni fundi cherehani wa Mbagala Rangi Tatu. Mwaka jana nilipanda daladala asubuhi kwenda Kariakoo kununua bitana na zipu. Foleni ya Mtoni Mtongani, nimekaa dirishani, simu mkononi. Mkono ukaingia kutoka nje, simu ikaenda.

Simu yenyewe haikuniuma sana. Hela ya mzigo ilikuwa M-Pesa. Vipimo vya sare za harusi, akina mama kumi na mmoja, nilikuwa nimejirekodi kwa sauti humo humo. Nilipofika Kariakoo mama ntilie mmoja akaniazima simu yake, Mungu ambariki, ndipo nikagundua sijui namba ya mume wangu. Miaka tisa ya ndoa! Kichwani nilikuwa na namba moja tu, ya mama yangu Morogoro, niliyoishika enzi za kuazima simu kwa jirani. Mama ndiye aliyempigia mume wangu, na mume wangu yuko hapa hapa Temeke.

Tangu siku ile nafanya hivi.

Hatua ya 1: Shika namba tatu kichwani. Ya mwenzako, ya mzazi au ndugu, na ya jirani unayemwamini. Anza na mmoja: futa jina lake kwenye simu kwa wiki moja, andika namba kwenye karatasi, bandika mlangoni. Kila ukitaka kumpigia, bonyeza tarakimu moja moja. Siku za mwanzo utarudi mlangoni mara kwa mara, usikate tamaa. Namba ina tarakimu kumi, na zile tatu za mbele, kama 075 au 071, umeshazizoea, kwa hiyo unahangaika na saba tu. Mimi siku ya tano kidole kilikuwa kinajua njia. Ukimaliza ya kwanza, anza ya pili.

Hatua ya 2: Nunua daftari. Andika namba yako ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa (tarakimu 20), namba ya mita ya umeme wa LUKU, na namba ya utambulisho wa simu, ile ya tarakimu 15 inayotokea ukibonyeza *#06#. Namba ya siri ya pesa usiiandike popote. Na kama una kazi ya mikono, vipimo na madeni ya wateja yaingie daftarini siku hiyo hiyo.

Hatua ya 3: Tembea na taslimu kidogo. Nauli ya kwenda na kurudi, na ya chakula. Bibi zetu walifunga kwenye pindo la khanga, na hawakulala njiani. Jifunze pia menyu ya nyota. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini zilipokatika, intaneti ilisumbua nchi nzima. Menyu kama *150*00# ya M-Pesa haihitaji intaneti, lakini aliyezoea programu peke yake hata namba za kubonyeza hazijui.

Hatua ya 4: Jizoeze. Jumapili moja iache simu nyumbani uende sokoni au kanisani. Utaona mwenyewe unachokosa.

Ikishaibiwa: wengi hukimbilia polisi kwanza. Anza na laini. Azima simu, pigia mtandao wako waifunge, kwa sababu mwizi anaweza kuwaandikia ndugu zako "hela tuma kwenye namba hii" nao wakatuma. Polisi wafuate baada ya hapo. Kurudisha laini utahitaji namba ya NIDA na kidole chako, ndiyo maana ya lile daftari.

Maswali ya wanachama

*Mama Nasra:* Dada, mwanangu yuko darasa la pili, hajui namba yangu hata moja. Namfundishaje?

Mama Nasra, mwimbishe. Wangu nilimkatia namba vipande vitatu, tukawa tunaimba tukienda shule. Mwulize ghafla wakati wa kula, halafu mpe simu apige mwenyewe. Hilo usilicheleweshe, mtoto akipotea Kariakoo atakuwa na kitu cha kumwambia askari.

*Dereva wa Bajaji, Tandika:* Dada yangu, mimi abiria napata kwenye simu, ramani kwenye simu, malipo kwenye simu. Niiache vipi?

Kaka, usiiache, ni jembe lako. Ila mitaa ya Temeke unaizunguka kila siku, kwa nini uulize ramani? Zima ile sauti kwenye njia unazozijua. Na wale abiria wako wa kila asubuhi, namba zao ziingie daftarini leo.

*Neema B.:* Na daftari likiibwa?

Langu halitoki nyumbani. Ukurasa wa kwanza nimeunakili, nakala iko kwa dada yangu.

*Mama Nasra:* Na zile sare ziliishaje?

Nilizunguka nyumba kwa nyumba. Wanane niliwapima upya. Watatu walikuwa wamesafiri, nikashona kwa kuangalia magauni yao ya zamani yaliyoletwa na ndugu zao. Mawili yalikaa vizuri. La shangazi wa bi harusi lilimbana mikononi, akalivaa hivyo hivyo harusi nzima bila kuninung'unikia. Sasa ana ukurasa wake.