Somo: Gata za Nyumba Hudumu Miaka Mingapi, na Jinsi ya Kuziandaa Kabla ya Masika

Gata ya bati lenye zinki, iliyofungwa vizuri na kusafishwa kila msimu, inaweza kufikisha miaka 20 mahali pakavu kama Dodoma. Gata hiyohiyo ikifungwa Kigamboni, karibu na ufuo, huweza kuanza kutoboka kabla ya kufikia nusu ya umri huo, kwa kuwa chumvi iliyomo hewani huila zinki na kukiacha chuma kikiwa wazi. Plastiki haiogopi chumvi, lakini jua huikausha mpaka ikapasuka kwa kugongwa na ngazi tu. Alumini ndiyo inayostahimili pwani zaidi, ingawa bei yake huwakimbiza wengi. Pamoja na hayo, gata nyingi nilizopanda kuzikagua hazikuwa zimechakaa kwa umri. Zilikuwa zimeozeshwa na tope na maji yaliyotuama ndani yake.

Hatua ya 1. Panga kazi mwishoni mwa Februari, kabla ya masika, kisha irudie Septemba, kabla ya vuli. Penye mwembe au mkungu karibu na paa, mara mbili kwa mwaka hazitoshi.

Hatua ya 2. Kabla ya kuegemeza ngazi, tazama waya wa umeme unaotoka kwenye nguzo, kwani mara nyingi huingia nyumbani pale pale ukingoni mwa paa. Ngazi ya chuma isisogezwe karibu nao. Awepo mtu wa kuishika chini.

Hatua ya 3. Ziba kwa tambara mdomo wa bomba la kushushia maji, kisha uzoe majani na tope kwa mkono uliovaa glavu au kwa kipande cha plastiki. Mwiko wa fundi ujenzi hukwangua zinki, na kutu huanzia hapo.

Hatua ya 4. Toa tambara, mwaga maji kwa mpira kutoka ncha ya mbali, halafu utulie na kutazama. Hatua hii ndiyo wengi huiruka, nayo ndiyo yenye habari zote. Maji yakibaki yamesimama mahali fulani, mteremko umepotea hapo, na hakuna rangi wala gundi itakayoiokoa gata hiyo. Mteremko unaofaa ni milimita 5 kwa kila mita, yaani gata ya mita 10 ishuke sentimita 5 kuelekea kwenye bomba. Usiamini macho, funga uzi, tumia pimamaji. Chanzo cha kulegea huwa ni uzito: gata yenye upana na kina cha sentimita 10 ikiziba na kujaa, kila mita yake hubeba karibu kilo 10 za maji, bila kuhesabu tope. Gata ya mita 10 ni sawa na kuning'iniza mfuko wa saruji mara mbili kwenye ubao wa paa. Kaza vishikizo, na viongeze pale vilipoachana zaidi ya mita moja.

Hatua ya 5. Kutu changa isuguliwe kwa brashi ya waya, ipakwe rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya mafuta. Tundu dogo huzibwa kwa silikoni juu ya bati kavu na safi.

Maswali ya wanachama

Swali: Fundi, gata yangu ni mpya na haijaziba, lakini maji yanapita nyuma yake na kulowesha ukuta. Kosa liko wapi?

Jibu: Yaelekea bati la paa ni fupi, hivyo maji hulamba ukingo wake na kurudi ubaoni. Bati linapaswa kuingia juu ya gata kwa takriban sentimita 5. Likiwa limeshakatwa fupi, chomeka ukanda wa bati chini yake, ushukie ndani ya gata.

Swali: Je, naweza kuziba viungo kwa lami? Maji hayo tunayakinga tangini na kuyanywa.

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Tumia silikoni iliyoandikwa kuwa inafaa kwa maji ya kunywa. Vilevile, mvua za kwanza zimwage, kwa kuwa ndizo zinazoosha vumbi na kinyesi cha ndege. Paa la mita za mraba 100 hukusanya lita 100 kwa kila milimita 1 ya mvua, hivyo hutapungukiwa. Maji ya kunywa bado yachemshwe.

Swali: Hapa Dar es Salaam tuliambiwa gata huzalisha mbu wa dengue. Ni kweli?

Jibu: Ni kweli, ikiwa maji yametuama. Mbu huyo huweza kukua kutoka yai hadi kuruka kwa muda wa siku 7 hadi 10, kwa hiyo dimbwi ulilolibaini katika hatua ya 4 lisingoje msimu ujao.