Andika namba kabla hujavuta kebo

Unapotandaza kebo za mtandao kwenye jengo, andika namba ncha zote mbili kabla hujazivuta, siyo baada. Kebo 24 za bluu zikishatokeza pamoja kwenye kabati la vifaa vya mtandao, zote ni mapacha, na itabidi uzipime moja moja. Mimi huandika kwa kalamu ya wino usiofutika juu ya ganda lenyewe, halafu narudia namba sentimita 30 hivi kutoka nchani, maana ncha hukatwa wakati wa kufunga plagi na namba ya kwanza huondoka nayo.

Namba itaje mahali, siyo mtu. 2A-17: ghorofa ya 2, kabati A, tundu la 17 la kuchomekea kebo. Ukiandika "Mhasibu", mhasibu akihama chumba lebo inapotosha. Namba hiyohiyo ibandike kwenye soketi ya ukutani.

Kufungia, tumia mikanda ya velkro. Tai za plastiki (vifungo vyembamba vya kukaza) zikikazwa sana hubana jozi za nyaya zilizo ndani. Orodha ya namba zote ichapishe, uibandike ndani ya mlango wa kabati. Ikiwa kwenye seva (kompyuta kuu ya mtandao) tu, siku mtandao umekatika huioni.