Turbo imekufa na waranti imekataliwa: namna ya kupinga uamuzi hatua kwa hatua (Kenya)

Gereji ya muuzaji ikikuambia kwamba turbo (kifaa chenye feni kinachotumia moshi wa ekzosi kusukuma hewa zaidi ndani ya injini) ya pikapu yako ya dizeli imekufa kwa kukosa oili, na kwamba oili ilikosekana kwa sababu ya uzembe wako, imesema mambo mawili. La kwanza ni hali ya kifaa, nayo huonekana kwa macho. La pili ni chanzo, na hilo linahitaji ushahidi wake. Madai mengi hupotea kwa sababu mwenye gari hubishana juu ya la kwanza na kuliacha la pili lipite. Mwongozo huu ni wa gari jipya lililonunuliwa Kenya na ambalo bado lina waranti, tuseme miaka 3 au kilomita 100,000, kutegemea kinachotangulia.

Hatua ya 1: Zima injini, usiiwashe tena

Ukisikia mluzi mkali, nguvu zikapungua ghafla na moshi wa samawati ukatoka, simama. Vipande vya feni vya turbo vinaweza kuvutwa hadi kwenye injini. Tena injini ya dizeli inaweza kuanza kuchoma oili inayovuja kutoka kwenye turbo na kuzidi mbio hata baada ya kuzima swichi. Zaidi ya hayo, kuendelea kuendesha taa ya onyo ikiwaka ni sababu ya kukataa madai ambayo ni vigumu sana kuipinga.

Piga picha ya dashibodi ikionyesha kilomita na taa. Pima oili kwa kijiti, upige picha ya kijiti chenyewe. Kisha ita gari la kuvuta na utunze risiti yake.

Hatua ya 2: Soma namba za hitilafu kabla ya mtu yeyote kuzifuta

Skana, yaani kifaa cha kusoma hitilafu za gari, huchomekwa kwenye soketi ya pini 16 chini ya usukani, na swichi hufunguliwa bila kuwasha injini. P0299, kwa mfano, humaanisha shinikizo la turbo liko chini. Hifadhi pia kumbukumbu ya hali ya injini wakati hitilafu ilipotokea: mwendo, joto, kasi ya mzunguko wa injini. Usichomoe betri, kwa maana katika magari mengi kumbukumbu hiyo hupotea. Na fundi wa mtaani, hata awe hodari vipi, asifungue boliti hata moja.

Hatua ya 3: Kusanya karatasi

Ankara ya ununuzi, logibuku, kitabu cha waranti, na risiti za kila sevisi zenye tarehe, kilomita, aina ya oili na namba ya filta. Kama risiti imepotea, ujumbe wa M-Pesa unasaidia kuonyesha tarehe na kiasi.

Linganisha kitabu na madai yao. Gereji nyingi hapa husema sevisi ni kila kilomita 5,000, ilhali kitabu kinaweza kutaja muda mrefu zaidi, pamoja na ratiba fupi kwa vumbi, mizigo mizito na msongamano. Tafuta ni ratiba ipi iliyoandikwa kukuhusu wewe.

Hatua ya 4: Dhibiti ufunguaji

Hapa ndipo kesi hushinda au hufa. Ukikabidhi gari, andika malalamiko kwa maneno yako kwenye kadi ya kazi na uombe nakala. Usitie sahihi idhini ya kufungua kwa gharama yako bila kiwango cha juu kilichoandikwa. Andika pia: "Sehemu zote zitakazotolewa zihifadhiwe, na nijulishwe kabla ya kufungua." Nenda na mkaguzi wako, mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi au mkaguzi wa magari anayeaminika, asiye na uhusiano na muuzaji.

Kabla oili haijamwagwa, chukueni sampuli mbili za mililita 100 hivi kwa sirinji na mpira safi kupitia tundu la kijiti. Chupa ziwe kavu, zifungwe, ziandikwe tarehe na kilomita, na pande zote mbili zitie sahihi. Moja yao, moja yako. Maabara itapima chuma, shaba, vumbi, maji na mabaki ya dizeli.

Turbo ikitoka, itazameni hivi:

- Feni ya upande wa hewa imemegeka: kitu kimeingia kupitia filta ya hewa au mabomba yake. Nani alifunga filta hiyo mara ya mwisho?
- Feni ya upande wa ekzosi imemegeka: kipande kimetoka ndani ya injini. Turbo imeumizwa tu, ugonjwa uko kwingine.
- Shafti (mhimili unaounganisha feni mbili) imegeuka rangi kwa joto na beringi zinazoibeba zimelika: oili haikufika.
- Beringi zina mikwaruzo ya mduara: oili ilifika lakini ilikuwa na uchafu.

Hali ya tatu ndiyo wanayoiita uzembe. Lakini oili huweza kukosekana kwa sababu bomba dogo la kupeleka oili limeziba, au pampu ya oili ni dhaifu, na pampu kwa kawaida imo ndani ya waranti. Omba kifuniko cha valvu, kile cha juu ya injini, kifunguliwe na kupigwa picha. Sevisi iliyorukwa kwa muda mrefu huacha tope jeusi huko juu. Kukiwa safi, na turbo pekee ndiyo imeungua, hoja ya uzembe inabaki bila mguu. Kukiwa na tope, ni heri ulijue sasa kabla hujalipa wakili.

Wakisema ni dizeli chafu, uliza injekta (vifaa vinavyonyunyiza dizeli ndani ya injini) na pampu ya dizeli zilipimwa lini, kwa sababu uchafu huo hupitia huko kwanza.

Hatua ya 5: Watake waandike barua ya kukataa madai yako

Barua itaje kifungu cha waranti, kifaa kilichoharibika, chanzo, na ushahidi wa chanzo hicho. "Sevisi ilifanywa nje", yaani si kwenye gereji yao, pekee haitoshi kueleza uharibifu. Waulize: sevisi ile ilisababishaje kifaa hiki kufa?

Hatua ya 6: Barua ya madai

Mwandikie muuzaji, kwa kuwa mkataba wako ni naye, na nakala kwa mwagizaji wa chapa hiyo. Ambatisha ripoti, sema unachotaka (turbo mpya, kazi, gharama ya kuvuta gari), na utoe siku 14. Peleka kwa mkono, nakala yako igongwe muhuri.

Taja Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 na kifungu cha 16 cha Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, kinachohusu ubora wa bidhaa na kufaa kwake kwa matumizi.

Wakijitolea kulipa nusu, pima kwa makini. Usitie sahihi ya kufuta madai yote kabla ya kuendesha gari, na udai waranti ya maandishi ya turbo mpya. Hakikisha pia bomba la oili limebadilishwa. Likiachwa lile la zamani, turbo mpya inaweza kufa vivyo hivyo.

Hatua ya 7: Nje ya gereji

Mamlaka ya Ushindani Kenya hupokea malalamiko ya watumiaji. Madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 huenda Mahakama ya Madai Madogo, ambako unaweza kujiwakilisha mwenyewe na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Zaidi ya hapo ni mahakama ya hakimu. Muda wa kudai kwa msingi wa mkataba ni miaka 6, lakini sehemu zilizotolewa hazitakaa gerejini muda wote huo. Zichukue kwa sahihi, ndani ya mfuko uliofungwa, siku ileile unapoondoa gari.