Kifua kinapobana alfajiri: mambo ya kuzingatia kabla hujafika hospitali

Mjomba wangu wa Mikindani alinywa dawa za vidonda vya tumbo msimu mzima wa korosho. Kifua kilimbana saa kumi alfajiri akiwa kitandani, halafu kikaachia. Akifika hospitali saa tatu asubuhi, kipimo cha umeme wa moyo kinatoka safi, anarudi nyumbani. Kumbe mshipa unaolisha moyo damu ulikuwa unajikaza ghafla kisha unalegea wenyewe. Daktari Myron Prinzmetal na wenzake wa Marekani waliyaeleza maumivu ya aina hii mwaka 1959: humjia mtu akiwa amepumzika, mara nyingi usiku wa manane hadi asubuhi, si akibeba gunia.

Ndiyo maana naanza na usafiri wa usiku. Kipimo kile husema mengi kikichukuliwa maumivu yakiwa bado yapo. Yakishaisha, mchoro hurudi kawaida. Jua mapema nani mwenye gari au bajaji atapokea simu saa tisa usiku, na nani atakusindikiza mpaka hospitali ya Ligula, Mtwara, au iliyo karibu nawe. Maumivu yakiwa mapya, au yakija na jasho jingi, kuishiwa pumzi au kuzimia, ondoka papo hapo. Nyumbani hakuna awezaye kukisia kama mshipa umebana au umeziba.

Weka daftari: saa yalipoanza, yalidumu dakika ngapi, ulivuta sigara, ulikunywa pombe, ulipigwa na baridi au ulikuwa na msongo. Sigara ni kichocheo kikubwa cha ugonjwa huu, na kuiacha ni sehemu ya tiba yenyewe. Hapo sina upole na mtu.

Beba dawa zako zote mfukoni, hata zile unazoona haya kuzitaja. Propranololi, ambayo baadhi ya watu hupewa kwa presha, inaweza kuzidisha mkazo wa mshipa. Baadhi ya dawa za kipandauso pia. Dawa za nguvu za kiume zikikutana na naitrogliserini, dawa ya kulegeza mshipa inayowekwa chini ya ulimi, huangusha presha vibaya, hivyo mwambie daktari ukweli.

Tiba ya kila siku huwa ni dawa za kulegeza mshipa, kama amlodipini au diltiazemu. Usizikatishe ghafla kwa sababu umepata nafuu, maana mkazo unaweza kurudi kwa nguvu. Nunua nyingine kabla hazijaisha. Ukipewa kidonge cha kuweka chini ya ulimi, kiache kwenye chupa yake, mbali na joto letu hili la pwani, na ukitumie umekaa kwani kichwa huweza kuzunguka.

Ukipata rufaa ya kwenda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, beba daftari lile, michoro yote ya umeme wa moyo na kadi ya bima. Kabla ya kupanda basi, muulize daktari dawa zipi uendelee nazo hadi siku ya kipimo cha kutafuta mkazo wa mshipa. Zile za kulegeza mshipa zinaweza kuuficha mkazo huo, lakini kuzisimamisha ni uamuzi wake.