Vikombe yatima juu ya meza ya sendofu

Kikombe cha mtumba kisicho na kisosi chake hakina bei. Wateja wa soko la Mwanjelwa wanataka seti, sita au kumi na mbili zenye ua moja, na kilichobaki peke yake kinasukumwa pembeni mwa turubai. Hicho ndicho ninachokifuata mimi. Huu ni mwaka wa sita napamba meza za sendofu, yaani sherehe za kumuaga bibi harusi, na za kipaimara hapa Mbeya kwa vyombo yatima, na bado watu wananiuliza nimeagiza wapi.

Nenda asubuhi na ugonge. Shika kikombe kwa sikio lake, kining'inie, kisha ukipige ukingoni kwa ukucha. Kizima kinalia kama kengele ndogo na sauti inakaa kidogo hewani. Chenye ufa kinasema "ko", basi. Kijana ninayenunua kwake hunichunga: "Mama, gonga taratibu, ukivunja umenunua." Halafu kiinue juani upitishe vidole nyuma yake. Ukiona kivuli cha vidole, huenda hicho ni kile chembamba cha Kiingereza, udongo uliochanganywa na majivu ya mifupa ya ng'ombe, ufundi wa tangu mwishoni mwa miaka ya 1700. Ni kizuri, lakini usinunue vya namna hiyo tu. Unahitaji pia sahani nzito, nene, mbaya kidogo, za kukaa chini.

Kuhusu rangi, kamati ikishasema sare ni zambarau na dhahabu, usihangaike kutafuta sahani za zambarau. Chukua nyeupe na zenye mstari wa dhahabu, maua ya michoro yawe yoyote. Zambarau italetwa na kitambaa.

Kuosha ni kazi ya jioni moja. Madoa ya chai hutoka kwa ndimu na chumvi laini, ila usiguse mstari wa dhahabu kwa chumvi, utaufuta. Glasi yenye ukungu mweupe ilaze usiku kwenye siki. Chupa ya shingo nyembamba, ambayo mkono hauingii, itilie siki na kiganja cha chenga za mchele, tikisa mpaka mkono uchoke. (Chenga, jamani. Mchele wa Kyela tunaula.) Na maji yawe vuguvugu. Glasi iliyolala stoo usiku wa Juni ni baridi kama jiwe la mtoni. Ukiimwagia maji ya moto inapasuka mikononi mwako.

Sasa mnara wenyewe. Chini sahani kubwa nene. Juu yake bakuli lililofudikizwa, kisha sahani ya kati, kikombe kilichofudikizwa, kisosi, na kileleni kikombe kilichokaa wima, ndicho kitabeba maua. Panga kwanza bila gundi. Weka gololi katikati ya kila sahani unapopanda: ikikimbilia upande mmoja, zungusha chombo kilicho chini yake kidogo kidogo mpaka itulie. Vyombo vya udongo havijanyooka kama unavyodhani, na kasoro ndogo ya chini kileleni inakuwa kubwa.

Kisha kaa kwenye kiti, weka kiwiko mezani, egemeza kidevu kwenye ngumi. Mnara pamoja na maua usipite ngumi hiyo, kama sentimita 30. Wageni wamekuja kuonana, hawakuja kuchungulia katikati ya mawaridi. Ukitaka urefu, basi pita juu ya macho yao kabisa, sentimita 60 na zaidi, kwa glasi ya mguu mwembamba isiyoziba sura ya mtu.

Gundi ndiyo iliyonifundisha adabu. Supa gluu inashika haraka, lakini ni kavu mno. Gari likiruka matuta mawili imeachia. Tumia silikoni isiyo na rangi, ile ya mafundi vioo inayonuka siki. Mwaka wangu wa kwanza, mwezi wa saba, niligandisha Ijumaa jioni kwa sherehe ya Jumamosi kule Uyole. Silikoni hukomaa kwa unyevu wa hewani, na hewa yetu ya Julai ni baridi tena kavu. Wakati wakwe wanapakuliwa, mnara wa meza yao ukaanza kuinama polepole kama mlevi anayesalimia, na kikombe cha juu kikaingia kwenye pilau. Siku hizi, miezi ya baridi, sherehe ikiwa Jumamosi nagandisha Jumatano. Weka matone matatu tu kila kiungo, kila tone kama punje ya haragwe. Ukimaliza msimu, pitisha uzi wa nailoni katikati, ukate kama unakata ugali, vyombo vinaachana vizima.

Maua sinunui mengi. Matawi ya mkaratusi, vitawi vya msonobari, na pareto kutoka kwa mama mmoja wa Umalila: nyeupe, kitovu cha njano, inafanana na kikombe chenyewe. Baadhi ya watu inawawasha mikono, vaa glavu. Ya Kitulo usiyaguse, ile ni hifadhi ya taifa tangu 2005.

Glasi za waini zifudikize, ua moja chini ya kila glasi, mshumaa mfupi juu ya kitako. Ua liwe kavu kabisa. Likiwa na umande, ndani ya saa moja glasi imejaa jasho na hakuna anayeona kitu. Mshumaa ukiuweka ndani ya bilauri, tanguliza mchanga.

Na usimruhusu mtu kupakulia chakula kwenye vyombo hivi. Rangi na mng'ao wa vyombo vya zamani vinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Ni pambo.

Glasi nasafirisha kwenye katoni za chupa zenye vigawanyo, sahani nazisimamisha kwa ubavu kwenye magazeti, na kila kitu nakihesabu kabla MC hajafunga. Mwaka jana kimoja nilikitoa mwenyewe. Bibi mmoja wa Tukuyu alikaa mbele ya mnara usiku kucha, mwisho akaniita: alipokuwa msichana aliwahi kuosha vikombe vyenye ua lile lile. Nikatoa uzi wa nailoni mkobani, nikakikata. Nikamwambia, bibi, usinywee chai. "Ndaga fijo, mwanangu," akasema, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akakifunga kwenye pindo la khanga. "Nitawekea vifungo."